Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikatuacha. Shirika linasema "kasoro ya kiufundi" na linatoa vocha. Tunadai nini?

bandari_salama

Wakuu salaam. Wanaozijua kanuni za fidia za Ulaya, nisaidieni kuisoma kesi hii kabla sijaijibu barua pepe ya shirika.

Tiketi ni moja, namba ya buking moja, Hamburg hadi Dar es Salaam kwa shirika la Ulaya, na kubadilisha ndege kwenye kituo chao kikuu. Watu wazima 2, mtoto wa miaka 9 na kichanga cha miezi 14 cha kupakatwa. Ndege ya Hamburg ilichelewa saa 1 na dakika 20, tukaikosa ya Dar. Hoteli na chakula walitoa, tukapandishwa ya kesho yake. Ratiba ilisema tufike saa 4:55 usiku, tumefika siku iliyofuata saa 5:20 usiku. Begi moja limekuja siku 2 baadaye.

Sasa wanaandika kwamba kulitokea "kasoro ya kiufundi isiyotarajiwa kwenye mfumo wa haidroliki, hali isiyo ya kawaida iliyo nje ya uwezo wetu, usalama wa abiria ndicho kipaumbele chetu." Kama ishara ya nia njema wanatoa vocha ya euro 200 kwa kila mtu, na kuna fomu ya kujaza ili kuipokea.

Maswali: (1) Ndege iliyochelewa ni ile fupi, na haikufika hata saa mbili. Haki ipo kweli? (2) Hiyo kasoro ya kiufundi inawaokoa? (3) Shemeji yangu alirudi Hamburg kutoka Dar kwa shirika la Ghuba, tiketi yake tofauti, akachelewa saa 9. Naye anadai vilevile?

karani_wa_geti

Mkuu, usiiguse hiyo fomu kwanza. Kanuni 261/2004 inasema fidia hulipwa kwa fedha taslimu, benki au hundi; vocha ni mpaka abiria akubali kwa maandishi yenye sahihi yake. Watu wakisikia "sahihi" wanawaza kalamu na karatasi. Machi 2024 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, iliamua katika kesi ya kurudishiwa nauli kwamba kujaza fomu ya mtandaoni ya kuchagua vocha kunaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo hiyo sahihi, mradi abiria alielezwa wazi kwamba pesa ilikuwapo. Kwa hiyo hicho kitufe kina uzito.

Swali la kwanza: haki ipo. Kinachopimwa ni saa ya kufika mwisho wa safari iliyo kwenye buking moja. Kesi ya Folkerts ya 2013 ilihusu hali kama yenu hasa: mwanzoni kuchelewa kidogo, konekisheni ikakosekana, mwisho masaa mengi. Kizingiti chenyewe, kufika kwa kuchelewa saa 3 au zaidi, hakimo kwenye maandishi ya kanuni, kilitoka kwenye hukumu ya Sturgeon ya Novemba 2009. Mhudumu akikwambia "kanuni inazungumzia safari kufutwa tu", amesoma nusu.

Viwango: euro 250 kwa safari isiyozidi km 1,500, euro 400 kwa km 1,500 hadi 3,500 (na kwa safari zote za ndani ya Umoja wa Ulaya zinazozidi 1,500), euro 600 zaidi ya hapo. Umbali hupimwa kwa mstari mnyoofu toka mwanzo wa safari hadi mwisho wake, wala hauongezwi kwa kupitia huku na kule. Hiyo ni hukumu ya Bossen ya 2017. Hamburg–Dar ni km 7,200 na ushei. Wakija na hesabu ya euro 250 kwa kuwa eti kipande kilichochelewa ni kifupi, warudishieni Bossen. Mngechelewa kati ya saa 3 na 4 wangeruhusiwa kukata nusu, yaani 300. Ninyi mmepita saa 24, hakuna cha kukata.

Kwa hiyo: watu wazima 2 na mtoto wa miaka 9 ni 600 × 3 = euro 1,800. Mtoto mwenye kiti hulipwa sawa na mtu mzima. Kichanga ni utata. Kanuni inawatoa wanaosafiri bure au kwa nauli isiyouzwa kwa umma. Kama mlimlipia chochote zaidi ya kodi, mtajeni kwenye dai, lakini msiifanye nguzo ya barua.

Jambo dogo linalowaponza Waswahili: kwenye barua andika 22:55 na 23:20, usiandike 4:55 na 5:20. Nimeona madai yakisomwa kama safari ya alfajiri na kurudishwa kwa "taarifa hazioani". Na saa ya kufika si ile magurudumu yanapogusa lami. Ni pale mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kushuka (Germanwings dhidi ya Henning, 2014). Kwako haibadilishi kitu, ila kwa mtu aliyechelewa saa 2 na dakika 56 hizo dakika za kuegesha ndizo zenye pesa.

mizani_ya_angani

Nishike swali la pili, maana hapo ndipo madai mengi hufa bila sababu.

Shirika linakwepa fidia likithibitisha mambo MAWILI kwa pamoja. Kwanza, kwamba kilichotokea ni hali isiyo ya kawaida: si sehemu ya shughuli za kila siku za kurusha ndege, na hakikuwa mikononi mwake. Pili, kwamba kuchelewa huko kusingeepukika hata kama lingechukua kila hatua ya busara. Mzigo wa kuthibitisha ni wao. Abiria hana kazi ya kuonyesha kwamba haidroliki ilikuwa inavuja.

Kasoro ya kiufundi ilishaamuliwa Desemba 2008, Wallentin-Hermann dhidi ya Alitalia (C-549/07): ndege ni mashine, mashine huharibika, kuitunza ni kazi ya mwenye shirika. Mashirika yakahamia kwenye neno "isiyotarajiwa". Nalo likajibiwa mwaka 2015, van der Lans dhidi ya KLM (C-257/14): safari ya Quito–Amsterdam ilichelewa saa 29 kwa vipuri viwili vilivyokufa kabla ya muda wake wa wastani, pampu ya mafuta na kifaa cha haidroliki. Hakuna dalili iliyoonekana kwenye ukaguzi. Mahakama ikasema bado ni kawaida ya kazi. Soma tena sentensi waliyokuandikia wewe: "isiyotarajiwa", "haidroliki". Wamekuandikia hoja iliyoshindwa miaka kadhaa iliyopita.

Na "usalama ni kipaumbele" si kinga. Hakuna anayewalaumu kwa kutoruka na ndege mbovu. Swali ni nani anabeba gharama ya ubovu wake.

Kasoro za kiufundi zinazookoa shirika zipo, ila ni chache: tatizo lililofichika la kiwandani linalogusa usalama wa aina nzima ya ndege (Luxembourg ilikubali hivyo Juni 2024, kesi za Finnair na LOT), hujuma, au kitu cha nje kilichogonga ndege. Ndege wa porini ni kitu cha nje (Pešková, 2017). Skrubu iliyolala kwenye barabara ya kurukia ikachana tairi ni kitu cha nje (Germanwings dhidi ya Pauels, 2019). Abiria mkorofi aliyelazimisha ndege kutua njiani, vivyo hivyo, isipokuwa shirika lenyewe lilichangia, kwa mfano lilimpandisha likiona kabisa hali yake.

Wafanyakazi ndipo kwenye ugomvi. Mgomo wa marubani wa shirika lenyewe, hata uwe halali na umetangazwa, si hali isiyo ya kawaida (kesi ya SAS, Machi 2021). "Ugonjwa" wa ghafla wa wafanyakazi wengi kwa pamoja kupinga mabadiliko ya kampuni, pia si kinga (TUIfly, 2018). Hata rubani msaidizi aliyefariki ghafla kabla ya safari, mahakama ilisema mwaka 2023 kwamba kupanga wafanyakazi ni jukumu la shirika. Hukumu ngumu hiyo, na naelewa wanaoilalamikia, lakini ndiyo sheria ilivyo. Mgomo wa waongozaji wa anga ni mwingine: hao si wa shirika, kwa hiyo kinga inasimama. Wapakia mizigo wa kiwanja wakipungua, nayo inaweza kuwa kinga (hukumu ya Mei 2024), ikiwa shirika halina mamlaka juu yao.

Sasa ile hatua ya pili, ambayo hata mawakili huisahau. Tuseme sababu ni ndege wa porini kweli. Katika Pešková fundi aliyeidhinishwa alikuwa ameshakagua na kuruhusu; shirika likangoja mafundi wake mwenyewe wakague tena. Muda huo wa pili haukuhesabiwa kuwa kinga. Mahakama ikasema muda ugawanywe: toa ule wa hali isiyo ya kawaida, utazame uliobaki. Jumla saa 5 na dakika 40, tukio la nje saa 1 na dakika 50, inabaki saa 3 na dakika 50: fidia inadaiwa. Jumla ikiwa saa 4 na dakika 20, inabaki 2 na nusu: hakuna.

Tena tangu 2020 (kesi ya TAP, C-74/19) shirika lenye sababu halali linatakiwa pia kuonyesha kwamba lilitafuta njia nyingine ya kumfikisha abiria mapema, pamoja na viti vya mashirika mengine. Kumweka mtu kwenye "ndege yetu ijayo" kesho yake hakutoshi kwenyewe. Kwa Dar, jioni ile kungeweza kuwa na kiti cha kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha. Anayekwama leo afungue simu papo hapo, atafute safari za usiku huohuo na apige skrinishoti yenye saa. Baada ya siku mbili ushahidi huo haupatikani tena.

bandari_salama

Mizani na karani, asanteni sana. Swali la nyongeza: wakibadili maneno sasa waseme ilikuwa hali ya hewa, nitajuaje?

karani_wa_geti

Wanabadili, ndiyo. Barua ya kwanza fundi, ya pili ukungu. Hifadhi ya kwanza.

Hali ya hewa ya kiwanja huandikwa kila nusu saa au saa kwa mstari mmoja unaoitwa METAR, na kumbukumbu zake ziko wazi mtandaoni. Hamburg ni EDDH, Dar ni HTDA, Kilimanjaro HTKJ, Nairobi HKJK. Mstari wa mfano: EDDH 110650Z 00000KT 0200 R23/0350N FG VV001. Maana yake: tarehe 11, saa 06:50 ya saa za dunia, upepo hakuna, uoni mita 200, kwenye barabara ya kurukia namba 23 mita 350, ukungu, uoni wa wima futi 100. Hapo wana hoja. Ukikuta CAVOK, uoni ni km 10 au zaidi na hakuna wingu la kusumbua, hoja imeanguka. Tazama pia ndege nyingine za saa ileile kiwanja kilekile. Zikiwa zote ziliruka isipokuwa yenu, uliza kwa nini.

Cha pili, namba ya usajili ya ndege, ile iliyoandikwa mkiani. Kwenye tovuti za kufuatilia ndege utaona ilitoka wapi asubuhi ile. Wakisema "imechelewa kutoka safari iliyotangulia", hiyo yenyewe si kinga. Lazima waeleze kilichoichelewesha huko nyuma na mnyororo usiokatika mpaka kwenu. Ndani ya mashirika sababu huandikwa kwa namba: 41 ni kasoro ya ndege, 71 hali ya hewa kiwanja cha kuondokea, 75 kuondoa barafu, 81 msongamano wa anga, 93 ndege imechelewa kutoka mzunguko uliopita. Ukiwa getini uliza kwa upole, "namba ya ucheleweshaji ni ngapi?" Wengine watakwambia bila kuwaza mara mbili. Kwenye barua ya madai ombeni watoe sababu hiyo kwa maandishi pamoja na rekodi ya ndege.

pwani_hadi_ulaya

La shemeji. Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo nieleze taratibu.

Kanuni ya Ulaya inashika: (a) safari inayoanzia kiwanja cha Umoja wa Ulaya, Norway, Iceland au Uswisi, shirika lolote, (b) safari inayotoka nje kuja huko, ila tu kama ndege inaendeshwa na shirika la huko. Shemeji katoka Dar na shirika la Ghuba: hayumo. Hata kama alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Hamburg, kurudi huhesabiwa safari ya peke yake (Emirates dhidi ya Schenkel, 2008).

Lakini geuza upande. Hamburg kwenda Dar kupitia Doha au Dubai, tiketi moja, shirika hilohilo la Ghuba, na kuchelewa kukatokea Doha: ANAMO. Safari imeanzia Ulaya na ni moja (Wegener dhidi ya Royal Air Maroc, 2018). Wengi huambiwa getini "hapa si Ulaya" wakaondoka na euro 600 yao imebaki mezani.

Anayetazamwa ni shirika linaloendesha ndege, si lililoandikwa kwenye tiketi. Nairobi–Amsterdam yenye namba ya Kenya Airways ikiendeshwa na KLM inashikwa. Yenye namba ya KLM ikiendeshwa na Kenya Airways haishikwi. Tafuta kwenye tiketi yale maandishi madogo ya "inaendeshwa na". Na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa pesa, ya kwanza ikikuchelewesha ukakosa ya pili, hazihesabiwi safari moja. Usalama wa buking moja unalipiwa, lakini una maana.

Kilichobaki kwa shemeji ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Ujerumani na Tanzania zote zimo. Huo hautoi kiwango cha papo kwa papo, unalipa hasara uliyoipata na unayoweza kuionyesha kwa risiti: usiku wa hoteli uliolipia ukakosa, treni uliyopoteza, chakula. Ukomo kwa ucheleweshaji ni SDR 6,303 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024. Huo ni UKOMO. Kila wiki kuna mtu anaandika "nidai SDR 6,303 yangu". Akiwa na risiti za euro 85, anadai euro 85. Shirika likionyesha kwamba lilichukua hatua zote za busara linaachiliwa, na mlango wa mahakama unafungwa baada ya miaka 2.

Begi lenu nalo ni Montreal. Ukomo ni SDR 1,519 kwa abiria. Lililochelewa liandikiwe malalamiko ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa, lililoharibika ndani ya siku 7. Ile ripoti ya kaunta ya mizigo uwanjani ni ushahidi mzuri, lakini tumeni na barua, mkiambatisha risiti za nguo na sabuni mlizonunua siku zile mbili. Siku 21 zikipita, hakuna kubembelezana.

mizani_ya_angani

Mkuu bandari, utaratibu wa kudai, kwa kuwa mmetoka Hamburg.

Jibu barua yao kupitia fomu ya madai ya shirika lenyewe, nakala ihifadhiwe. Kwa Kijerumani au Kiingereza, fupi, kwa maana hii:

"Buking namba …, abiria: (majina yote kama yalivyo kwenye pasi). Hamburg–Dar es Salaam, tarehe …, safari namba … na … . Kufika kwa ratiba 22:55, kufika halisi siku iliyofuata 23:20. Kwa Kanuni 261/2004, kifungu cha 7, tunadai euro 600 kwa kila abiria, jumla euro 1,800, kwa njia ya benki. Vocha hatuikubali. Kasoro ya kiufundi mliyoitaja si hali isiyo ya kawaida (C-549/07, C-257/14). Lipeni kabla ya tarehe … ."

Tarehe ya mwisho iwe siku 14 mbele, iandikwe tarehe kamili. Ambatisha bodingi pasi, uthibitisho wa buking, barua yao. Usisimulie jinsi watoto walivyolia. Anayesoma ana foleni ya mamia na anatafuta namba tu.

Wakikataa, au miezi 2 ikipita kimya, Ujerumani kuna chombo cha usuluhishi wa safari, Schlichtungsstelle Reise & Verkehr, bure kwa abiria, ikiwa shirika ni mwanachama. LBA, mamlaka ya anga ya Ujerumani, hupokea malalamiko na inaweza kuliadhibu shirika, lakini haikukusanyii pesa. Usiitegemee kwa hilo. Baada ya hapo ni Amtsgericht, mahakama ya mwanzo ya Ujerumani, na kwa kiasi hiki wakili si lazima. Unaweza kushitaki kwenye mji wa kuondokea au wa kufikia (Rehder, 2009). Kampuni za kudai kwa niaba huchukua robo, theluthi, au zaidi. Kwa kesi iliyonyooka kama yenu ni kugawa pesa bure. Ziwekeni kwa kesi ya ubishi wa kweli.

Muda wa kushitaki unafuata nchi. Ujerumani miaka 3, ikihesabiwa toka mwisho wa mwaka wa safari. Ufaransa 5. Uholanzi 2 tu.

karani_wa_geti

Nyongeza kwa wa Uingereza, maana najua mtauliza: wana nakala yao ya kanuni hiyohiyo, viwango pauni 220, 350 na 520, na England muda ni miaka 6. Hukumu za Luxembourg za baada ya 2020 haziwafungi, lakini Julai 2024 Mahakama yao ya Juu, kesi ya Lipton, iliamua rubani kuugua si hali isiyo ya kawaida. Nairobi–London kwa British Airways inashikwa, kwa Kenya Airways haishikwi.

Canada msidanganyike na ufanano. Kule kuna kundi la "ndani ya uwezo wa shirika lakini inahitajika kwa usalama", na hilo halina fidia ya fedha, chakula na hoteli tu. Marekani fidia ya kuchelewa haipo kabisa. Kilichopo ni kurudishiwa nauli usiposafiri, ndege ikisogea saa 3 za ndani au saa 6 za kimataifa.

bandari_salama

Nimeelewa. Fomu ya vocha sijaijaza, barua inaondoka leo na saa za 24. Ya begi naiandika kivyake maana leo ni siku ya 16. Shemeji nimemwambia akusanye risiti, anasema anazo mbili na moja ni ya soda.

pwani_hadi_ulaya

Ya soda aitie pia.